Pengo katika michango ya NSSF baada ya miaka ya kukaa nyumbani: lipi ujazie mwenyewe, lipi umdai mwajiri

Mtu akiacha kazi akakaa nyumbani miaka mitano au kumi, akilea watoto au akimuuguza mzazi, kuna hofu mbili zinazomjia siku akikumbuka NSSF, hazina ya taifa ya akiba ya uzeeni hapa Kenya. Ya kwanza ni kwamba zile pesa alizokuwa akikatwa zamani zimeshapotea. Ya pili ni kwamba anadaiwa miezi yote ambayo hakulipa, na akijitokeza ofisini ataambiwa alipe na faini juu. Kwa sababu ya hofu hizo wengi hawaendi kuuliza kabisa, mpaka miaka 60 ipige hodi ndipo waanze kupekua sanduku wakitafuta kadi ya zamani.

Hofu zote mbili hazina msingi. Pesa iliyoingia kwenye akaunti yako ni yako, na inaendelea kuongezwa riba hata kama huchangii. Mwezi ambao hukuwa na kazi nao hauna deni. Lakini liko jambo la tatu ambalo wengi hawalifikirii, na ndilo linalowatia hasara: si kila mwezi unaokosekana kwenye akaunti ni mwezi uliokaa nyumbani. Mingine ni miezi uliyofanya kazi, ukakatwa, na mchango haukufika. Mingine ilifika lakini imelala chini ya jina lingine au namba nyingine. Kabla hujatoa shilingi moja ya kujazia, lijue kwanza pengo lako ni la namna gani. Ukilijazia pengo la mwajiri kwa pesa yako, umemsamehe deni bila kujua.

NSSF haihesabu miaka, inahesabu pesa

NSSF ilianza mwaka 1965 ikiwa hazina ya akiba, na sheria ya mwaka 2013 ikaongeza mfuko wa pensheni. Katika mifuko yote miwili, malipo yako yanatokana na kiasi kilichoingia kwa jina lako pamoja na riba yake. Hakuna idadi ya miaka ambayo usipoifikisha unakosa vyote. Aliyechangia miezi 14 tu maishani ana haki ya michango ya miezi hiyo 14.

Mkanganyiko mwingine unatoka kwa ndugu walio ng'ambo. Muuguzi aliye Uingereza akikupigia simu kukuambia kwamba amenunua miaka iliyokosekana kwenye pensheni yake, hasemi uongo, ila anazungumzia utaratibu wa kule. Pensheni ya serikali ya Uingereza inahesabu miaka: kwa kawaida unahitaji angalau 10 ili upate chochote na 35 ili upate kiwango kamili, na mara nyingi mtu anaruhusiwa kulipia mapengo ya miaka sita iliyopita. Mzazi anayepokea posho ya mtoto aliye chini ya miaka 12 huandikiwa mwaka wake hata kama hakufanya kazi. Kenya haina utaratibu huo. Hapa huwezi kununua mwezi wa mwaka 2019, na hakuna anayekuwekea mchango kwa sababu ulikuwa nyumbani unalea. Shilingi unayolipa leo inaandikwa kwa tarehe ya leo na inaanza kupata riba kuanzia leo.

Kwa hiyo neno "kujazia" hapa kwetu lina maana mbili tu. Ama unaongeza akiba mpya kwa hiari ili kufidia muda uliopita, ama unafuatilia michango ambayo mwajiri alipaswa kuipeleka. Mambo hayo hayafanani, wala hayafanyiki kwenye dirisha moja.

Omba taarifa ya mwezi kwa mwezi

Anza na taarifa ya michango. Unaipata kwenye tovuti ya wanachama ya NSSF ukishajisajili, au unaenda ofisi ya NSSF iliyo karibu, iwe Nakuru, Kisumu, Kakamega au Bungoma, au kwenye dawati la NSSF katika Huduma Centre. Beba kitambulisho cha taifa. Kadi ya NSSF ikiwa imepotea usirudi nyumbani, kwa maana namba yako inatafutwa kwa kitambulisho. Na usikubali kusomewa jumla tu kwenye kompyuta. Omba ichapishwe, na iwe inaonyesha kila mwezi, kiasi kilichoingia, na jina la mwajiri aliyekileta. Jumla ya mwaka inaficha mengi.

Kabla ya Februari 2023 mfanyakazi alikatwa 5% ya mshahara, lakini isizidi shilingi 200, na mwajiri akaongeza kiasi hichohicho. Yeyote aliyekuwa akilipwa kuanzia shilingi 4,000 kwenda juu alipaswa kuingiziwa 400 kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka. Hesabu hizo tatu, 200, 400 na 4,800, ndizo ufunguo wa kusoma taarifa za miaka ya nyuma.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama tutakayemwita Nekesa. Alianza kazi kwenye banda la kupakia maua Naivasha mwezi Aprili 2016, akaacha mwisho wa Agosti 2020 na kurudi nyumbani Bungoma. Taarifa yake inasema hivi: mwaka 2016, shilingi 3,600. Mwaka 2017, 4,800. Mwaka 2018, 3,600. Mwaka 2019, 2,400. Mwaka 2020, 2,000.

Mwaka 2016 uko sawa, maana Aprili hadi Desemba ni miezi tisa, na tisa mara 400 ni 3,600. Wa 2017 umekamilika. Mwaka 2018 umepungua kwa 1,200, yaani miezi mitatu. Akikumbuka vizuri, ndio mwaka aliojifungua kifungua mimba wake. Likizo ya uzazi kwa sheria ya ajira ya Kenya ni miezi mitatu yenye mshahara kamili, na penye mshahara pana mchango. Miezi hiyo mitatu si ya kukaa nyumbani hata kidogo, ni deni la mwajiri. Pengo la namna hii ni rahisi mno kulipita, kwa sababu mama mwenyewe hudhani ni kawaida: hakuwa kazini, basi hakuchangiwa. Si kawaida. Kila aliyejifungua akiwa kazini aanze kwa kutazama miezi hiyo.

Mwaka 2019 una 2,400, nusu ya kinachotakiwa. Akiwa na jumla peke yake atadhani alichangiwa miezi sita. Taarifa ya mwezi kwa mwezi inaonyesha shilingi 200 katika kila mwezi kati ya miezi 12, maana yake upande mmoja tu ndio uliopelekwa. Hapo pia anadai, mara hii 2,400. Kisha mwaka 2020: alifanya kazi miezi minane, nayo ingekuwa 3,200, lakini iliyoingia ni 2,000 ya miezi mitano. Hapa akumbuke kwamba Aprili hadi Juni mwaka ule walipewa likizo bila malipo kwa sababu ya korona. Kama kweli hakulipwa mshahara miezi hiyo, hakuna kilichokatwa na hakuna deni. Akiiweka miezi hiyo kwenye barua yake ya madai, mwajiri ataikanusha kwa urahisi, na madai yake mengine nayo yatatiliwa shaka.

Kwa hiyo Nekesa anadai shilingi 3,600, si 4,800. Ni kiasi kidogo kwa kukitazama, lakini kina riba ya miaka, na kimetoka kwenye jasho lake.

Aliyekuwa kazini baada ya Februari 2023 anasoma kwa viwango vingine. Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa tarehe 3 mwezi huo, makato yakawa 6% ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi na 6% kutoka kwa mwajiri, ndani ya kiwango cha chini na cha juu ambavyo vimekuwa vikipanda kila Februari: 6,000 na 18,000 mwaka 2023, 7,000 na 36,000 mwaka 2024, 8,000 na 72,000 mwaka 2025, halafu 9,000 na 108,000 mwaka 2026. Watu wengi huogopeshwa na ratiba hii bila sababu. Anayelipwa 15,000 anakatwa 900 katika miaka yote hiyo minne, na mwajiri anaongeza 900, jumla 1,800. Kinachobadilika kwake ni mgawanyo tu kati ya ngazi ya kwanza na ya pili, zile zinazoandikwa Tier I na Tier II kwenye hati ya mshahara: ya kwanza ni 6% ya mshahara mpaka kiwango cha chini, ya pili ni 6% ya kinachozidi hapo. Makato yanapanda kwa wale ambao mshahara wao unavuka kiwango cha juu cha mwaka uliotangulia.

Mgawanyo huo una mtego wake. Sheria inamruhusu mwajiri kupeleka ngazi ya pili kwenye mfuko wa pensheni wa binafsi uliosajiliwa, na ngazi ya kwanza pekee ibaki NSSF. Kwa hiyo ukikuta kila mwezi wa katikati ya mwaka 2025 una 960 tu, yaani 480 mara mbili, wakati mshahara wako ulikuwa 25,000, usikimbilie kulalamika. Tazama hati ya mshahara au uulize ofisi ya rasilimali watu kama kuna mfuko mwingine. Ukiwepo, una akaunti ya pili ya uzeeni ambayo hukuijua, na hiyo nayo ina taarifa yake na fomu yake ya warithi.

Michango ambayo mwajiri hakuipeleka

Mwajiri anapaswa kupeleka michango kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Akikata na asipeleke, anavunja sheria ya NSSF na ile ya ajira ya mwaka 2007 pia, na faini ya kuchelewa ni mzigo wake, si wako. NSSF ina maafisa wa ukaguzi ambao kazi yao ni kwenda kwa mwajiri, kufungua vitabu vya mishahara na kudai kilichobaki. Lakini afisa hawezi kwenda mikono mitupu. Anataka ushahidi, nao uko kwako.

Hati ya mshahara inayoonyesha makato ya NSSF ndiyo bora kuliko zote. Kama hukuzihifadhi, bado kuna njia. Taarifa ya benki au ya M-Pesa inaonyesha mshahara uliingia tarehe gani na kutoka kwa nani. Fomu ya P9 ya ushuru inaonyesha malipo ya kila mwezi wa mwaka. Rekodi zako za michango ya bima ya afya ya NHIF, kabla haijaondolewa na SHA kuchukua nafasi yake mwaka 2024, zinaweza kuonyesha kwamba mwajiri huyohuyo alikulipia miezi ileile ambayo NSSF haina. Pia kuna mkataba, barua ya kuajiriwa, na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kumpa yeyote aliyefanya kazi zaidi ya wiki nne mfululizo. Kama hukupewa, kiombe kwa maandishi hata leo.

Barua ya malalamiko iwe fupi, mwandikie meneja wa tawi. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, namba ya NSSF, jina la mwajiri na mahali kazi ilipokuwa, tarehe ya kuanza na ya kuacha, kisha miezi inayokosekana mmoja mmoja na kiasi cha kila mwezi. "Hawakunilipia miaka mingi" haimsaidii mtu. "Februari, Machi na Aprili 2018, shilingi 400 kila mwezi, nilikuwa kwenye likizo ya uzazi yenye malipo" inamsaidia. Ambatisha nakala, usitoe asili. Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, miezi sita baadaye utaanza upya.

Mwajiri akiwa Naivasha nawe sasa uko Bungoma, si lazima upande gari. Wasilisha kwenye tawi lililo karibu nawe na utaje waziwazi mwajiri yuko wapi, ili faili ipelekwe kwa tawi linalomsimamia. Usipojibiwa kwa muda mrefu, unaweza kupeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, au kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina ofisi Kisumu.

Muda ni jambo zito. Mwajiri anawajibika kutunza kumbukumbu za mfanyakazi kwa miaka mitano baada ya kazi kuisha. Madai ya mkataba wa kazi mahakamani kwa kawaida yana kikomo cha miaka mitatu. NSSF yenyewe inaweza kupokea lalamiko la zamani, lakini kila mwaka unaopita unafuta karatasi, na watu waliokujua pale kazini wanahama. Kama kampuni imefungwa au iko chini ya mfilisi, andika dai kwa mfilisi mara moja na nakala NSSF. Wadai wa kampuni iliyoanguka hupangwa foleni, na asiyeandikwa hana nafasi kwenye foleni hiyo.

Michango iliyofika ikapotea kwa sababu ya jina

Pengo hili linawapata wanawake kuliko wanaume. Binti anaajiriwa kwa jina la baba yake, anaolewa, anabadilisha kitambulisho kwa jina la mume, kisha mwajiri wa pili anamsajili upya kana kwamba hakuwahi kuwa mwanachama. Sasa kuna namba mbili na kila moja ina kipande cha maisha yake. Namba ya NSSF ni moja kwa mtu mmoja, na haifi kwa kuacha kazi. Ukizikuta mbili, omba ziunganishwe. Utahitaji kitambulisho, namba zote mbili, na karatasi inayothibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja: cheti cha ndoa, au hati ya kiapo iliyopigwa muhuri na kamishna wa viapo au hakimu kama ndoa ilikuwa ya kimila na haijasajiliwa.

Makosa mengine ni madogo na yanaumiza vilevile. Karani alibadilisha tarakimu mbili za kitambulisho. Wanjala akaandikwa Wanjara, Achieng' akawa Achieng bila king'ong'o na mfumo ukamwona mtu mwingine. Haya yarekebishe sasa ukiwa na nguvu za kutembea. Yakiachwa mpaka siku ya kudai malipo, au wayarithi watoto wako wakiwa wamefiwa, yanageuka safari za kurudi ofisini wiki baada ya wiki.

Ukiwa hapo dirishani, omba pia kusasisha wategemezi. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 21 aliandika mama yake au kaka yake. Leo ana mume na watoto wanne ambao hawamo popote kwenye faili.

Kuanza kuchangia tena kwa hiari

Miezi ya nyumbani ambayo kweli haikuwa na mshahara haina wa kudaiwa. Hiyo ndiyo unayoifidia mwenyewe, kwa kuweka akiba mpya. NSSF inapokea michango ya hiari kutoka kwa yeyote mwenye shughuli yake: mama mboga wa Kibuye, fundi cherehani wa Luanda, mwenye bodaboda, mkulima wa Chwele. Mpango unaoitwa Haba Haba unaanza na shilingi 25 kwa siku, na baada ya miaka mitano ya kuchangia mwanachama anaweza kuchukua hadi nusu ya akiba yake bila kungoja uzee. Unaupata kwa kupiga *303#. Kama uliwahi kuwa mwanachama, usijisajili upya. Hakikisha namba yako ya zamani ndiyo inayotumika, la sivyo utazaa namba ya pili kwa mikono yako mwenyewe.

Swali la msingi ni kiasi gani kinatosha. Rudi kwa Nekesa, ambaye sasa ana miaka 35. Malipo ya uzeeni ni kwa miaka 60, na aliyestaafu mapema anaweza kudai kuanzia miaka 50. Tuseme anaweka 500 kila mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka, kwa miaka 15, na kwa ajili ya hesabu tu tushike riba ya 8% kila mwaka. Riba halisi hutangazwa mwaka kwa mwaka na inaweza kuwa juu au chini ya hapo. Ataweka jumla ya shilingi 90,000 na akaunti itasoma takriban 162,900. Akisema "ngoja watoto wamalize shule kwanza" na kuanza miaka mitano baadaye kwa kiasi kilekile, ataweka 60,000 na kukuta takriban 86,900. Alichookoa kwa kungoja ni 30,000, alichopoteza ni karibu 76,000. Na akitaka kufika palepale pa 162,900 kwa miaka kumi iliyobaki, itambidi aweke kama 937 kila mwezi badala ya 500. Ndiyo sababu ushauri wa kweli ni kuanza na kidogo ulichonacho sasa, hata kama ni 300, kuliko kungoja mwaka utakaokuwa na pesa nyingi.

Kipato cha upande huu wa magharibi mwa nchi hakiji kila mwezi, na mpango wa michango lazima ukubaliane na hilo. Anayeuza omena anajua kwamba Ziwa Victoria linafungwa kwa uvuvi wa omena kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ili samaki wazaliane. Huyo asijifunge ahadi ya kila siku ya mwaka mzima, aweke zaidi Agosti hadi Machi na apumzike miezi minne. Mwenye miwa anangoja mwaka na nusu kabla ya malipo. Mwenye majani chai ana bonasi, mwenye mahindi ana msimu mmoja mkubwa. Kwa hao, kuweka mkupuo siku pesa inapoingia kuna faida kuliko kuahidi shilingi 25 za kila siku na kuacha baada ya wiki tatu. Ila fanya siku ileile pesa inapoingia. Pesa ya mavuno ikilala wiki mbili kwenye simu, imeshapata wenyewe.

Unapolipa kwa simu, namba ya malipo itoe kwenye tovuti rasmi au kwenye menyu ya *303#, si kwenye ujumbe uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Ile sehemu ya akaunti iandike kwa utulivu na uisome mara mbili, kwa kuwa tarakimu moja ikikosewa mchango unakwenda kwa mtu mwingine au unabaki hauna mwenyewe. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho mpaka uone mchango huo kwenye taarifa yako. Usitoe namba ya siri kwa mtu yeyote anayejidai kutoka NSSF, na usimlipe wakala anayeahidi kukutolea pesa haraka. Fomu na taarifa hazilipiwi.

Usikope ili ujazie. Mkopo wa simu unatoza kwa mwezi mmoja kiasi ambacho akiba hii inaweza isikipate kwa mwaka mzima. Wala usivunje chama au kuacha Sacco kwa ajili ya NSSF. Chama kinakusaidia karo ya Januari na mazishi ya ghafla, NSSF inakusubiri ukiwa huwezi tena kuinama shambani. Moja halifanyi kazi ya lingine.

Ukirudi kwenye ajira

Mpe mwajiri mpya namba yako ya zamani siku ya kwanza, imeandikwa kwenye karatasi, usimsomee kwa mdomo. Baada ya mshahara wa tatu fungua taarifa yako uone kama miezi ya mwanzo imeingia. Kasoro ya miezi miwili inasahihishwa kwa mazungumzo, ya miaka miwili inataka barua na maafisa.

Kazi ya nyumbani nayo ni ajira. Mama anayefanya kazi kwenye nyumba ya watu Milimani, iwe ya Kisumu au ya Nakuru, na analipwa 12,000, anakatwa 720 na mwajiri wake anatoa 720, jumla 1,440 kwa mwezi. Waajiri wengi wa nyumbani hawakatai kwa ubaya, hawajui tu kwamba nao ni waajiri kisheria. Mfanyakazi anaweza kuanza kwa kuwaomba wakajisajili.

Ikiwa uliwahi kuwa mwalimu wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, au mtumishi wa serikali kuu, michango au haki za miaka ile hazitafutwi NSSF. Zinatafutwa kwa mwajiri wako wa zamani na Idara ya Pensheni, au kwenye mfuko wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021. Aliyefanya kazi kwa baraza la mji au kwa kaunti aulizie mfuko ambao mwajiri huyo alikuwa akitumia. Na zile 2,000 za Inua Jamii wanazopata wazee wa miaka 70 na zaidi ni msaada wa serikali, hazitokani na michango na hazihusiani na taarifa yako.

Mwaka wa fedha wa NSSF unafungwa tarehe 30 Juni, na riba ya mwaka huo huandikwa baada ya hapo. Ukichukua taarifa Mei ukaona miezi yote imo ila riba ya mwaka haijaongezwa, hilo si kosa na halihitaji barua. Chukua nyingine baada ya riba kutangazwa, uiweke pamoja na ile ya kwanza na nakala ya barua yako yenye muhuri, kwenye bahasha moja ambayo mtu mwingine nyumbani anajua ilipo.